Iman, mwanafunzi wa Nairobi aliyeitwa mutu wa porini

Mwezi huu zamu ya somo la mazungumuzo imetufikia sisi wa kalasi ya sita. Tumechagua maisha ya Iman Abdulmajid, manekeni kutoka Somalia. Manekeni ni mutu anayevaa nguo za washonaji wakubwa ili watu wazione na kuzinunua. Tulipotaja jina lake kwa bweni, wengine walicheka: «Ile ni kazi ya majivuno tu, iko na somo gani ndani?» Basi musikilize kwanza.

Alizaliwa Mogadishu mwaka wa 1955. Baba yake alikuwa balozi wa Somalia kule Arabia Saudia, na yeye mwenyewe alitumwa kusoma Misri katika shule ya bweni. Mwaka wa 1969 waaskari walishika utawala wa Somalia. Baadaye jamaa ile ikakimbilia Kenya, heshima ya ubalozi ikabaki nyuma. Kule Nairobi Iman akaingia chuo kikuu kusoma mambo ya siasa. Mutoto wa balozi, lakini sasa feza ya masomo ilikuwa shida. Wengi wetu tunaijua shida hiyo, hakuna lazima ya kuielezea.

Mwaka wa 1975 mupiga picha wa Marekani, Peter Beard, akamuona akipita katika barabara ya Nairobi. Akaomba kumupiga picha. Iman akamuuliza: utanilipa? Bei aliyotaka ilikuwa minervali yake ya chuo. Yule bwana akakubali. Picha zikafika New York, kisha Iman naye akafuata.

Hapa ndipo maneno yanaharibika. Beard aliwaambia waandishi wa magazeti kwamba alimuokota porini, ya kuwa ni muchunga mifugo asiyejua hata Kiingereza. Bongo tupu! Alikuwa mwanafunzi wa chuo, mwenye kusema luga tano: Kisomali, Kiarabu, Kiitaliano, Kifaransa na Kiingereza. Magazeti yakaandika, watu wakasadiki. Juu ya nini walisadiki upesi vile? Sisi tunaona kwamba hadisi ya porini ilikuwa tayari katika vichwa vyao mbele yeye hajashuka kwa ndege. Kuchunga hakuna haya, wababu wetu wamechunga. Kinachotuuma ni kwamba walimunyanganya masomo yake kwa kinywa tu.

Kazi yake ya kwanza kwa gazeti Vogue ilikuwa mwaka wa 1976. Mutu wa kupaka poda akamuuliza kama ameleta poda yake mwenyewe, maana yeye hakuwa na ile ya kufaa ngozi nyeusi. Akamupaka ile iliyokuwako, na uso ukatoka sawa majivu. Tangu pale Iman akaanza kununua poda mbalimbali na kuzichanganya mwenyewe mpaka kupata rangi yake, akizibeba kila mahali pa kazi. Mwaka wa 1983 teksi aliyopanda New York ikapata ajali, mifupa ya uso ikavunjika. Alipona, akarudi kazini. Umanekeni aliuacha mwaka wa 1989.

Katika 1994 akaanzisha kampuni yake, Iman Cosmetics, ya kuuza poda na rangi za midomo kwa Waafrika, Waasia na wanawake wengine waliosahauliwa na makampuni makubwa. Ule ujuzi wa kuchanganya ndio ukawa biashara. Tena vitu vyake viliuzwa katika maduka ya watu wote, si ya matajiri peke yao.

Dada zetu, mupime hili. Katika soko zetu mafuta ya kuchubua yanauzwa ili ngozi ifuate mafuta. Iman alitaka mafuta yafuate ngozi.

Ulizo la siku ya mazungumuzo ni hili: ukishuka New York na kukuta magazeti yameandika bongo juu yako, na ile bongo ndiyo inakuletea kazi, utasema nini siku ile ile? Kalasi ya sita tumegawanyika. Watano wanasema wangenyamaza mpaka wapate mushahara wa kwanza. Mutuletee majibu yenu siku ya tano, saa tisa, katika chumba cha kulia. Waliofukuzwa juu ya minervali waje vilevile, kapita hataandika majina.