Semina ya Walimu wa Muziki na Safari ya Wimbo hadi Darasani

Utangulizi

Mwanachuo atakapohitimu na kupangiwa shule, huenda siku moja akaitwa kuhudhuria semina ya walimu wa muziki ya wilaya au ya mkoa. Kwa kawaida semina ya namna hiyo huwa na sehemu mbili. Mchana kuna warsha, ambapo walimu hujifunza kwa vitendo. Jioni kuna maonyesho ya ngoma na kwaya. Huenda pia mwanachuo huyo akaambiwa aiandae yeye mwenyewe, kwa kuwa katika shule nyingi mwalimu kijana ndiye hukabidhiwa somo ambalo wenzake wanalikwepa.

Shabaha za makala hii ni tatu: kueleza kwa nini semina nyingi hazimfikii mtoto darasani; kupendekeza mpango wa semina ya siku mbili; na kutoa mfano wa somo la dakika 40 ambalo mwalimu anaweza kulifundisha bila chombo chochote cha kununua. Mifano yetu tumeichukua Tabora na katika njia ya kale ya misafara, kwa sababu huko wimbo ulikuwa kazi kabla haujawa burudani.

1. Njia iliyobeba nyimbo

Katika karne ya 19 njia hiyo ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Urefu wake ni kama kilometa 1,200. Richard Burton na John Speke, walioandika habari zake kwa kirefu, waliondoka pwani mwezi Juni 1857 wakafika Kazeh, hapo hapo Tabora, mwezi Novemba. Wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi. Walifanya kazi kwa ujira, na kila mmoja alibeba mzigo wa kama kilo 30.

Mbele ya msafara alikwenda kirangozi. Kulikuwa na ngoma, na kulikuwa na pembe ya tandala iliyopulizwa kuwaita watu. Kirangozi alianzisha, wapagazi wakaitikia. Wimbo ulipatanisha hatua, ukapunguza uchovu, ukawajulisha walio nyuma kwamba wenzao hawako mbali, na pengine ukamsuta mkubwa wa msafara bila mtu mmoja kulaumiwa. Usiku, kambini, watu wa makabila mbalimbali walicheza na kusikilizana. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kazi ya upagazi katika njia hiyo ilikwisha, na wimbo ukapoteza kazi iliyouzaa.

Mwalimu asisahau upande wa pili. Katika njia hiyo hiyo walipitishwa mateka waliofungwa minyororo, wakipelekwa kuuzwa. Mwaka 2006 njia hii iliingizwa katika orodha ya awali ya UNESCO kwa jina la njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, na Kwihara, karibu na mji wa Tabora, ni kimojawapo cha vituo vilivyotajwa. Kwa hiyo, tunapowafundisha watoto wimbo wa mwendo, tuwaeleze kwamba mpagazi aliyelipwa na mateka aliyefungwa hawakuwa watu wa hali moja. Kamwe tusiwafunge watoto kamba na kuwatembeza mbele ya wageni ili waigize utumwa. Hilo si somo la muziki wala la historia.

2. Kasoro ya semina nyingi

Desemba 1962, katika hotuba yake ya kuanza kazi ya urais, Mwalimu Julius Nyerere, ambaye alisoma na baadaye kufundisha Tabora, alilalamika kwamba vijana waliopita shule za kikoloni walizijua dansi za kigeni kuliko ngoma za kwao. Ndipo akatangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Tangu hapo ngoma imeingia shuleni, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo. Tangu mwaka 2007 chuo hicho kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Hatua hizo zilikuwa kubwa. Hata hivyo, ngoma na kwaya ziliingia shuleni kwa mlango wa mashindano. Mashindano yana faida zake, lakini yana hatari moja ambayo kila mwanachuo aifahamu mapema.

Nitaieleza kwa kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mwalimu mpya nilipewa kwaya ya shule ili niiandae kwa mashindano. Alikuwamo msichana mmoja ambaye sauti yake haikukaa sawa na ya wenzake. Wiki moja kabla ya mashindano nilimwita pembeni nikamwambia asimame mstari wa nyuma, achezeshe midomo, lakini asitoe sauti. Tulishinda. Baada ya miaka mingi nilimkuta tena, naye amekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilimwuliza kama anafundisha nyimbo. Akanijibu kwa heshima, "Hapana, mwalimu. Mimi siwezi kuimba." Nilihesabu madarasa aliyokuwa amekwisha kuyafundisha, nikatambua kwamba sikumnyamazisha mtoto mmoja.

Semina nyingi hurudia kosa hilo kwa walimu. Wachache wenye sauti nzuri huitwa mbele, walio wengi hukaa vitini na kupiga makofi. Mwishoni hutolewa zawadi, na kila mmoja hurudi shuleni kwake akiwa amefurahi, lakini hana wimbo hata mmoja anaoweza kuufundisha Jumatatu. Kipimo chetu kiwe hiki: semina imefaa ikiwa Jumatatu inayofuata mtoto asiye mwanakwaya ameimba.

3. Mpango wa warsha nne

Tuchukue mfano wa walimu 40. Wagawanywe katika makundi manne ya watu kumi kumi, na kila kundi lipite katika warsha zote nne, dakika 90 kwa kila warsha. Warsha tatu zifanyike siku ya kwanza, na ya nne asubuhi ya siku ya pili.

(a) Mapigo na mwendo. Washiriki watembee kwa hatua zilizopatana, wahesabu mapigo manne, kisha wagawane: wengine wapige makofi katika kila pigo, wengine katika pigo la kwanza tu, wengine kati ya pigo na pigo. Mwalimu asiyeweza kusoma nota atagundua kwamba mwili wake unaijua mizani.

(b) Maneno na sauti. Katika Kiswahili mkazo huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Neno "shule" lina mkazo kwenye "shu", lakini "shuleni" lina mkazo kwenye "le". Pigo zito likiangukia silabi isiyo na mkazo, neno huchechemea na mtoto hujifunza kulitamka vibaya. Kinyamwezi nacho ni lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti huweza kubadili maana ya neno. Kwa sababu hiyo wimbo wa Kinyamwezi ukitafsiriwa neno kwa neno huharibika. Ni afadhali kuuimba katika lugha yake na kueleza maana yake kwa Kiswahili.

(c) Sauti za kwetu na sol-fa. Mtindo wa do, re, mi ulioenezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19 uliletwa na wamisionari, nao umezisaidia kwaya zetu sana. Lakini si kipimo cha muziki wote. Tukiifuata njia ya misafara hadi Ugogo, tutakuta zeze na marimba ya mkono ambavyo sauti zake haziangukii sawasawa juu ya sauti za kinanda. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefundisha Bagamoyo na kusikika katika nchi nyingi, hakusifiwa kwa kuzifuata sauti za kinanda. Mwalimu atakayeketi na mzee mpiga zeze asimsahihishe, bali asikilize.

(d) Kukusanya nyimbo. Hapa waalikwe wazee wawili au watatu wa vijiji jirani. Mwalimu aanze kwa adabu: aamkie, aketi, aeleze haja yake, aombe ruhusa ya kuandika au kurekodi kwa simu, na akubali akikataliwa. Kwa kila wimbo aandike mambo sita: nani ameimba, mahali, tarehe, lugha, wimbo ulitumika katika kazi gani, na kama mwenyewe ameruhusu ufundishwe kwa watoto. Jambo la sita ndilo husahauliwa. Katika Unyamwezi na Usukuma kuna vyama vya wataalamu wa nyoka ambavyo baadhi ya mambo yao huelezwa kwa wanachama tu. Nyimbo za namna hiyo si zana za kufundishia.

4. Maonyesho ya jioni

Tunaweza kujifunza kwa jirani zetu Wasukuma. Huko Bujora, karibu na Mwanza, kwenye makumbusho yaliyoanzishwa na Padri David Clement, hufanyika kila mwaka, mnamo mwezi Juni, sikukuu ya Bulabo. Vyama viwili vya kale vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji huenda kwa miguu yao upande unaowavutia. Kundi linalowavuta wengi ndilo limeshinda. Katika utaratibu huo mtazamaji hatulii kitini, bali naye hutoa hukumu.

Kwa hiyo jioni ya semina isiwe na jukwaa moja la juu na viti mbele yake. Makundi yacheze uwanjani, na kila kundi likimaliza liwafundishe watazamaji kiitikio kimoja kabla ya kuondoka. Tusitoe zawadi ya mshindi. Atakayetaka kushindana ataipata nafasi hiyo katika mashindano ya shule; semina ni mahali pa kugawana.

5. Kurudi darasani: mfano wa somo

Siku ya pili, baada ya warsha ya nne, walimu waingie katika madarasa ya shule mwenyeji na kufundisha watoto halisi. Ufuatao ni mfano.

Darasa: la Nne, wanafunzi 70. Muda: dakika 40. Zana: mikono, miguu na, zikipatikana, vibuyu vyenye mbegu ndani. Shabaha: kila mwanafunzi aweze kuitikia kwa mapigo yaliyo sawa, na wanafunzi saba waweze kuongoza.

Hatua ya 1 (dakika 5). Watoto wapige hatua papo hapo, mguu wa kushoto ukiwa pigo zito. Mwalimu asiseme neno. Aanze kutembea tu, nao wamfuate.

Hatua ya 2 (dakika 10). Mwalimu aeleze kwa ufupi kazi ya kirangozi na wapagazi. Kisha afundishe wito na kiitikio. Huu ni mfano nilioutunga kwa ajili ya somo tu, si wimbo wa wapagazi:

Kiongozi: Mzigo huu ni wa nani?
Waitikiaji: Ni wetu sote!

Mapigo yaangukie kwenye "zi", "hu" na "na". Pigo la nne ni kimya. Waitikiaji waingie, mapigo yakiwa kwenye "we" na "so", halafu wapige makofi mawili. Jumla ni mapigo manane.

Hatua ya 3 (dakika 15). Darasa ligawanywe katika makundi saba ya watoto kumi. Kila kundi liwe na kiongozi mmoja atakayetunga swali lake la kuita, nao wenzake waitikie. Katika kila kipindi kiongozi abadilishwe. Baada ya vipindi kumi watoto wote 70 watakuwa wameongoza. Mwalimu aandike majina yao, maana bila orodha wale wale hodari huongoza kila siku.

Hatua ya 4 (dakika 7). Makundi mawili au matatu yaonyeshe, na darasa zima liitikie.

Hatua ya 5 (dakika 3). Kazi ya nyumbani: kila mtoto amwulize bibi, babu au mzee wa jirani wimbo mmoja uliotumika wakati wa kazi, na akumbuke ni kazi gani.

Mtoto ambaye sauti yake haikai sawa asinyamazishwe. Asimame karibu na mwenzake mwenye sauti thabiti, aimbe polepole akisikiliza, na mwalimu amwanzishie kwa sauti ya chini zaidi. Wengi hupata sauti kwa kuimba kila siku, na hakuna aliyeipata kwa kukaa kimya.

Hitimisho

Wapagazi hawakuchaguliwa kwa uzuri wa sauti, lakini wote waliitikia, kwa sababu safari ilikuwa ya wote na mzigo ulikuwa begani mwa kila mtu. Tukiandaa semina kwa nia hiyo, wazee wataheshimiwa, walimu watarudi na kitu mkononi, na mtoto wa mstari wa nyuma ataimba.

Maswali ya kujadili

1. Taja mambo mawili yanayofanya semina ya muziki isimfikie mtoto darasani. Pendekeza namna ya kuyarekebisha.
2. Chagua maneno matano ya Kiswahili, uonyeshe mkazo wa kila moja, kisha uyapange katika mapigo manne.
3. Mzee amekuimbia wimbo mzuri lakini hataki ufundishwe shuleni. Utafanya nini, na kwa nini?
4. Andaa somo la dakika 40 kutokana na wimbo wa kazi wa sehemu unakotoka. Onyesha jinsi kila mwanafunzi atakavyoshiriki.