Pazia na tinti za gari: Zinapunguza joto, haziondoi hatari



Ndugu msomaji, miezi ya kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, watu wa Pwani tunaifahamu vizuri. Jasho halikauki, usiku nao hausaidii, na gari lililoegeshwa juani ukilifungua mlango linakupulizia joto la tanuri. Hata hivyo safari hazisimami. Kuna arusi Tanga, kuna kuhani msiba Bagamoyo, kuna likizo ya watoto kwa bibi yao Lamu. Familia nzima inajaa ndani ya Noah au Hiace: baba, mama, nyanya, watoto wa rika zote, sufuria la pilau na galoni la maji.

Wenye magari ya namna hii wengi wameweka pazia madirishani au wamebandika tinti. Sababu zao ni mbili. Ya kwanza ni stara, mama apate kunyonyesha na kupumzika bila kutazamwa na kila mpita njia. Ya pili ni kukinga jua. Zote ni sababu njema. Katika Suratun-Nahl, aya ya 81, Mwenyezi Mungu anatukumbusha vivuli alivyotuwekea na mavazi yanayotukinga na joto, akivitaja miongoni mwa neema zake. Basi kutafuta kivuli ni kuitumia neema.

Lakini lipo jambo la tatu ambalo halizungumzwi sana. Pazia na kioo cha giza vinavyomsitiri mama, humficha pia mtoto aliyebaki ndani ya gari. Wiki hii tutazame vitu hivi vinasaidia kwa kiasi gani, vinaishia wapi, na nini kinabaki kuwa jukumu letu wenyewe.

JOTO LINAINGIAJE?

Mwanga wa jua hupita kwenye kioo kwa urahisi. Ukishaingia, unapiga dashibodi, viti na usukani, navyo vinapata moto. Vitu hivyo vikishapata moto hutoa joto la aina nyingine, ambalo kioo hakiliruhusu kutoka kwa urahisi. Hewa nayo imefungiwa, haina pa kwenda. Ndiyo maana ndani ya gari kunakuwa na joto kuliko nje, hata siku ambayo haina jua kali sana.

Hapo tunapata kanuni ya kwanza: zuia jua kabla halijapita kwenye kioo. Jua likishaingia ndani, sehemu kubwa ya joto lake umeshalipokea. Turubai au shuka jeupe lililofunika kioo kwa nje hufanya kazi nzuri kuliko pazia la ndani. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wana magari yenye vitanda na jiko ndani, wanayolala humo wakiwa safarini, nao wanalijua jambo hili. Gari likisimama, wengi wao hufunika kioo cha mbele kwa nje, na kwenye madirisha hubandika karatasi nene inayong'aa kama fedha, upande wa kung'aa ukitazama jua.

TINTI NYEUSI SI LAZIMA IWE TINTI BARIDI

Watu wengi hudhani kuwa kadiri kioo kinavyokuwa cheusi ndivyo gari linavyopoa. Si hivyo. Takriban nusu ya nguvu ya jua inayotufikia imo katika miale ambayo jicho halioni. Tinti ya bei nafuu iliyotiwa rangi tu hupunguza mwanga unaoonekana, lakini miale hiyo isiyoonekana nyingi hupita. Halafu tinti yenyewe inafyonza joto, kioo kinapata moto, na sehemu ya joto hilo hurudi ndani kwa abiria.

Zipo tinti nyingine, kama za seramiki, ambazo huzuia sehemu kubwa ya miale ya joto hata zikiwa si nyeusi. Bei yake ni kubwa. Basi kabla hujatoa fedha, usimuulize fundi "ni nyeusi kiasi gani?" Muulize "inazuia joto kiasi gani?" Mwambie akuonyeshe kipande chake juani, nawe uweke mkono nyuma yake. Mkono wako utakupa jibu.

Jambo jingine ni sheria. Nchi nyingi zina kanuni kuhusu giza la vioo, hasa kioo cha mbele na vya pembeni mwa dereva. Uliza kwa askari wa usalama barabarani kabla ya kubandika. Na hata pasipo sheria, dereva asiyeona vizuri usiku ni hatari kwa roho zilizo ndani na zilizo nje ya gari.

PAZIA LA NAMNA GANI?

Pazia jeusi au la rangi nzito hunywa jua na kulitoa ndani. Kama unapenda rangi nzito kwa ajili ya stara, shonea bitana jeupe upande unaotazama kioo. Pazia likae karibu na kioo, lisiache mwanya mkubwa wa jua kupenya pembeni. Dereva aachiwe vioo vyake vya mbele wazi, na pazia la nyuma lifungwe vizuri asizibwe macho akitazama kioo cha kati.

Akina mama, hapa pana tahadhari muhimu. Wengi wetu jua likimpiga mtoto tunamfunika kanga kichwa hadi miguu, au tunaitandika juu ya kikapu chake. Kufanya hivyo kunazuia hewa, na joto la mwili wa mtoto hubaki chini ya kanga pamoja naye. Kanga itundikwe dirishani. Mtoto abaki wazi usoni, avae nguo nyepesi ya pamba, nawe umguse shingoni mara kwa mara kujua hali yake.

Tuzingatie pia jua liko upande gani. Gari linaloelekea kaskazini, kama la Mombasa kwenda Malindi, asubuhi hupigwa na jua upande wa kulia na alasiri upande wa kushoto. Kwa hiyo mtoto mchanga, mzee na mgonjwa wakae upande wa kivuli. Saa sita mchana jua liko utosini, hapo joto hupitia zaidi kwenye paa na kioo cha mbele, na pazia za pembeni hazina msaada mkubwa. Wakati huo ni bora kusimama chini ya mwembe, watu washuke, wapumzike na waswali. Mtume wetu (SAW) alielekeza Adhuhuri icheleweshwe kidogo joto linapokuwa kali. Hayo ni mafunzo ya huruma kwa miili yetu.

GARI LILILOSIMAMA NI JAMBO JINGINE

Yote tuliyoyasema yanasaidia gari linalotembea, lenye hewa inayopita au kiyoyozi. Gari lililoegeshwa na kufungwa lina hesabu yake.

Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya gari lililoegeshwa juani siku ambazo joto la nje lilikuwa kati ya nyuzi 22 na 36. Kwa saa moja joto la ndani lilipanda wastani wa nyuzi 22 juu ya lile la nje. Asilimia 80 ya ongezeko hilo ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Waliposhusha vioo kidogo tu, hapakuwa na tofauti ya maana.

Mwaka 2018 watafiti wengine walipima magari huko Arizona, mahali penye joto kali. Baada ya saa moja juani, ndani ya gari palifika wastani wa nyuzi 47, na dashibodi nyuzi 69. Magari yaliyokuwa kivulini nayo yalifika nyuzi 38. Kivuli kilisaidia, lakini hakikuligeuza gari kuwa chumba cha kulala.

Basi ndugu zangu, ile kauli ya "nimeegesha kivulini, nimeacha kioo wazi kidogo, pazia zimefungwa, sitachelewa" haimlindi mtoto. Mwili wa mtoto mdogo hupata joto haraka mara tatu hadi tano kuliko wa mtu mzima. Joto la mwili likifika nyuzi 40 ubongo na viungo vingine huanza kuathirika, na mtoto anaweza kufa. Nchini Marekani peke yake, tangu mwaka 1998, zaidi ya watoto 900 wamekufa kwa joto ndani ya magari.

MTOTO HUBAKIJE NDANI?

Msomaji atasema, "Mzazi gani amsahau mwanawe?" Katika vifo hivyo vya Marekani, zaidi ya nusu ni watoto waliosahauliwa, na wengi katika wazazi hao hawakuwa watu wabaya. Utaratibu wa siku ulibadilika, mtoto alilala kimya kiti cha nyuma, kila mmoja akadhani yuko na mwenzake. Takriban robo ni watoto walioingia wenyewe kucheza wakashindwa kutoka.

Tupime hali zetu. Gari la arusi lina watu kumi, wote wanashuka kwa haraka, na mtoto wa miaka miwili amelala kiti cha mwisho nyuma ya pazia. Siku ya Ijumaa khutba imeanza, baba anakimbilia msikitini. Mama anadhani mtoto yuko kwa shangazi, shangazi anadhani yuko kwa mama. Kwenye gari la vioo vyeupe mpita njia angemuona. Kwenye gari la tinti na pazia hamuoni mtu.

Kwa hiyo kila nyumba ijiwekee utaratibu huu:

1. Mtu mmoja, kwa jina, apewe kazi ya kuhesabu watoto wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Kazi ya wote haina mwenyewe.

2. Dereva afungue pazia zote na atembee hadi kiti cha mwisho kabla ya kufunga gari. Gari likisimama, pazia zibaki wazi mpaka kila kiti kiangaliwe.

3. Mwenye mtoto aweke mkoba wake au viatu vyake kiti cha nyuma, karibu na mtoto. Hataondoka bila hivyo.

4. Gari likiwa nyumbani lifungwe, na funguo ziwekwe mbali na watoto. Mtoto akipotea, gari na buti yake ni mahali pa mwanzo pa kutazama.

5. Usimwache mtoto na injini ikiwaka ili kiyoyozi kifanye kazi. Injini inaweza kuzima. Na kama gari liko mahali palipofungwa, moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua.

Maimamu na kamati za misikiti nao wanaweza kusaidia kwa tangazo fupi kabla ya khutba, katika miezi ya joto, kuwakumbusha waumini watazame magari yao.

UKIMKUTA MTU AMEZIDIWA NA JOTO

Ukiona mtoto amefungiwa ndani, piga kelele mwenyewe aitwe. Kama hali ni mbaya, vunja kioo cha pembeni kilicho mbali naye. Kioo kinalipika, roho hailipiki.

Dalili ni mwili kuwa wa moto sana, wakati mwingine mkavu na wakati mwingine wenye jasho, kupumua haraka, kutapika, kuchanganyikiwa, kulegea, degedege au kupoteza fahamu. Mtoe haraka, mpeleke kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji na mpepee bila kuacha. Weka vitambaa vyenye maji shingoni, kwapani na kwenye mapaja. Kama ni mwanamke, akina mama wazungushe kanga kumsitiri, lakini asiachwe na nguo nzito kwa kuona haya, kwani dharura ina hukumu yake. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu. Dawa za kutuliza homa hazisaidii hapa. Mkimbizeni hospitali huku mnaendelea kumpoza njiani.

CHAKULA NA DAWA

Gari lenye joto huharibu na vingine. Pilau na nyama iliyopikwa visikae zaidi ya saa mbili bila ubaridi, na joto likipita nyuzi 32 visizidi saa moja. Insulini ya mgonjwa wa kisukari isiachwe garini kabisa, na dawa nyingi nyingine zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30. Makopo ya manukato ya kupuliza na viberiti vya gesi vinaweza kupasuka.

Kabla ya kupanda, fungua milango yote kwa dakika moja au mbili joto litoke. Anza mwendo vioo vikiwa wazi, ndipo uwashe kiyoyozi. Kabla ya kumfunga mtoto mkanda, gusa chuma chake, kwani kinaweza kumuunguza.

Mtume (SAW) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa kuhusu aliowachunga. Weka pazia, weka na tinti inayofaa, upate stara na nafuu ya joto. Kisha kila unaposimama, funua pazia na uhesabu watoto wako.

Wabillahi tawfiq.