Kutafuta Kizuizi cha Mawasiliano baina ya Kompyuta Pepe

Mwanafunzi wa fizikia anayekuta balbu haiwaki hujua pa kuanzia: hupima betri, kisha nyaya, kisha swichi, na mwisho balbu yenyewe. Kila kipimo humpunguzia mahali pa kutafuta. Fundi wa kompyuta za wingu hana nyaya za kushika. Kompyuta anayoihudumia aghalabu ni programu tu, iliyotengewa sehemu ya uwezo wa kompyuta nyingine kubwa zaidi, na ndiyo maana huitwa kompyuta pepe. Mtu aliyeko Dodoma aweza kukodi kompyuta mbili za namna hiyo katika vituo ambavyo Amazon ilivifungua Cape Town mwaka 2020, asilione hata siku moja jengo zilimo. Hata mtandao unaoziunganisha umeigizwa kwa programu. Mawasiliano yakizibwa, linalobaki ni kutuma ujumbe na kuchunguza kwa makini kinachorudi.

Na uchukuliwe mfano wa chuo kinachopokea maombi ya wanafunzi kwa njia ya kompyuta. Kompyuta A, yenye anwani 10.0.1.15, huwaonyesha waombaji fomu. Kompyuta B, yenye anwani 10.0.2.20, hutunza kumbukumbu kwa programu iitwayo PostgreSQL. Anwani zinazoanza na 10 ni za matumizi ya ndani, kwa mujibu wa makubaliano ya mwaka 1996, wala hazisafirishwi katika intaneti ya hadhara. Zaidi ya anwani, kila kompyuta ina milango iliyopewa nambari, na mlango wa kawaida wa PostgreSQL ni 5432. Kabla data yoyote haijapita, A na B hazina budi kupeana salamu za hatua tatu kwa utaratibu wa TCP, ambao kanuni zake zilichapishwa mwaka 1981: A hutuma paketi yenye alama ya SYN, B hujibu kwa paketi yenye SYN na ACK pamoja, kisha A humaliza kwa ACK.

Sasa ichukuliwe kuwa zimebaki saa chache kabla ya muda wa maombi kwisha, na fomu hazihifadhiki. A haiwezi kuifikia B. Fundi aanzie wapi?

Aanze kwa kuuliza jibu lililorudi ni la namna gani, kwa kuwa kushindwa kwenyewe ni kwa aina mbili. Aina ya kwanza ni kukataliwa: mara tu A inapobisha, hurudi paketi yenye alama ya RST, na programu hutangaza kuwa maunganisho yamekataliwa. Habari hii husikitisha, lakini ina faida kubwa. Paketi imekwenda ikafika, na jibu limerudi. Njia ni nzima. Kasoro karibu daima imo ndani ya B yenyewe: programu haikuwashwa, au imewashwa lakini inasikiliza anwani 127.0.0.1 pekee, ambayo ni anwani ya kompyuta kujisemesha yenyewe. PostgreSQL inapowekwa upya huwa katika hali hiyo hasa, na wengi wamepoteza siku nzima wakichunguza mtandao usio na kosa. Amri ya ss -ltn, ikitolewa ndani ya B, huonyesha milango iliyo wazi na anwani inayosikilizwa kwa kila mlango. (Wako walinzi wachache wa mtandao waliofundishwa kujibu kwa RST badala ya kunyamaza, kwa hiyo kanuni hii si ya kufuatwa kwa upofu.)

Aina ya pili ni kimya. A hubisha, hungoja, hubisha tena, na hakuna lirudilo. Kwa mpangilio ambao Linux iliutumia kwa miaka mingi, A hungoja sekunde 1, kisha 2, kisha 4, 8, 16, 32 na mwisho 64 kabla ya kukata tamaa. Mwalimu wa hisabati atautambua hapo mfululizo wa kijiometri: jumla yake ni 2 kwa kipeo cha 7, ukitoa 1, yaani sekunde 127. Kwa hiyo mtu akilalamika kwamba programu yake huganda kwa dakika mbili na ushei kisha huonyesha kosa, fundi mwenye uzoefu hushuku kimya kabla hajaigusa kompyuta. Kimya hiki mara nyingi ni cha makusudi. Kichujio cha mtandao huitupa paketi bila kujibu, ili anayebisha ovyo asijue hata kama pana nyumba.

Tofauti hii yaweza kuonyeshwa darasani kwa kompyuta mbili zenye Linux. Katika moja, iwashwe seva ndogo kwa amri ya python3 -m http.server 8000, katika nyingine, itolewe amri ya nc -vz ikifuatwa na anwani ya ile ya kwanza na nambari 8000. Maunganisho yatafaulu. Seva ikizimwa na amri ikirudiwa, jibu la kukataliwa litarudi papo hapo. Kisha seva iwashwe tena na kiongezwe kichujio: sudo iptables -I INPUT -p tcp --dport 8000 -j DROP. Safari hii wanafunzi watangoja, na saa ya ukutani itawafundisha lililobaki.

Katika wingu, vichujio huwa vingi kuliko mgeni anavyodhani. Kipo kilicho ndani ya B yenyewe, kama hicho cha iptables. Nje yake, Amazon huizungushia kila kompyuta kundi la usalama, yaani orodha ya wanaoruhusiwa kuingia. Kundi jipya huwa halimruhusu yeyote. Kundi hili lina kumbukumbu: likiruhusu salamu iingie, hulijua jibu lake na kuliacha litoke. Lakini mpakani mwa kila sehemu ya mtandao ipo orodha nyingine, na hiyo haina kumbukumbu hata kidogo. Huipima kila paketi kana kwamba ni ya kwanza duniani, iwe salamu au jibu. Juu ya hayo, desturi za makampuni hazifanani. Katika Azure, kompyuta za mtandao mmoja huruhusiwa tangu mwanzo kuzungumza zenyewe kwa zenyewe; katika Google, mtandao alioutengeneza mteja mwenyewe huzuia yote yaingiayo mpaka atoe ruhusa. Mazoea ya wingu moja, yakihamishiwa jingine, hupotosha.

Wengi hapa hukimbilia amri ya ping, nayo imepewa heshima inayozidi kazi yake. Mmarekani Mike Muuss aliiandika Desemba 1983, akaiita kwa mlio wa sonar, chombo cha kusikilizia chini ya maji. Ping hutumia utaratibu wa ICMP, usio na milango kabisa. Mlango 5432 waweza kuwa wazi huku ping imezuiwa, au kinyume chake. Ping ikijibiwa, imethibitika kuwa njia ipo. Isipojibiwa, hakuna kilichothibitika.

Chombo kinachofaa zaidi ni tcpdump, kilichoundwa mwishoni mwa miaka ya 1980 katika maabara ya Lawrence Berkeley huko Marekani. Kazi yake ni kuonyesha paketi zinazopita katika kompyuta. Fundi wa chuo chetu akiiwasha ndani ya B kwa amri ya sudo tcpdump -n -i any port 5432, kisha A ikabisha, utafiti hukatwa nusu mara moja. SYN isipoonekana, imepotea njiani kabla ya B: ichunguzwe kanuni ya kutoka A, jedwali la njia, na kundi la usalama la B. SYN ikionekana lakini B isijibu, kichujio cha ndani ya B kinashukiwa, maana tcpdump huziona paketi zinazoingia kabla ya kichujio hicho kuzigusa.

Katika mfano huu yalionekana mambo ya ajabu zaidi: SYN iliingia B, SYN na ACK zikatoka B, na huko A halikufika lolote. Jibu lilipotelea njiani. A ilipobisha mlango 5432 ilitumia kwa upande wake mlango wa muda, tuseme 41876, na jibu lilikuwa likirudi huko. Aliyeandika orodha ya mpakani mwa sehemu ya B aliruhusu paketi za 5432 ziingie, na kwa nia njema akaruhusu 5432 vilevile kwa zinazotoka. Orodha isiyo na kumbukumbu haikuujua mlango 41876, ikatupa jibu. Dawa ni kuruhusu paketi zinazotoka kuelekea 10.0.1.0/24 katika milango 32768 hadi 60999, ambayo ndiyo milango ya muda ya Linux kwa kawaida. Upande wa A, orodha yake iruhusu milango hiyohiyo kwa zinazoingia.

Fundi aliyebanwa na saa huvutwa na njia nyingine: kufungua milango yote kwa anwani 0.0.0.0/0, yaani kwa ulimwengu mzima, ili kwanza mambo yaende. Katika mfano huu isingemsaidia kama angeifungulia kwenye kundi la usalama, kwa kuwa kizuizi hakikuwa hapo. Na kama B ina anwani ya hadhara, kumbukumbu za waombaji zingekuwa mlangoni pa kila mpita njia. Mnamo Januari 2017 maelfu ya hazina za data za MongoDB zilizoachwa wazi namna hiyo bila nywila zilifutwa na wahalifu, wakadai fedha ili wazirudishe. Ruhusa ya kundi la usalama ielekezwe kwa kundi la A peke yake, tena kwa mlango 5432 tu.

Ipo hali moja ambayo maelezo ya juu hayaitoshi, nayo hutokea zaidi mitandao miwili inapounganishwa. Salamu zote tatu hukamilika, maswali madogo hujibiwa, lakini swali lenye jibu refu huganda. Hapo tatizo ni ukubwa wa paketi. Ndani ya mtandao wa Amazon paketi yaweza kufika baiti 9001; katika Google kipimo cha kawaida ni 1460. Paketi kubwa ikikuta njia nyembamba, kifaa cha njiani hutakiwa kurudisha ujumbe wa ICMP kumwarifu mtumaji aipunguze. Pale ambapo mtu ameizuia ICMP yote akidhani ni ping tu, ujumbe huo haufiki, na mtumaji huendelea kutuma paketi zisizopenya. Ping, iliyolaumiwa hapo juu, sasa ina kazi: ping -M do -s 1472 hutuma baiti 1472 za data bila ruhusa ya kukatwa vipande njiani, na baiti 28 za vichwa huifanya paketi iwe 1500. Ikipotea, na ile ya 1432 ikapita, njia hiyo hubeba baiti 1460 au zaidi kidogo, na kwa kujaribu nambari za katikati kipimo chake halisi hupatikana.