KUFUNGA KOMPYUTA KATIKA DASHIBODI YA GARI

Wakulima wengi wa skimu za Mto Tana, tangu Hola na Bura mpaka mashamba ya Garissa, hupeleka ndizi, maembe na matikiti sokoni kwa gari. Siku hizi kompyuta ndogo, pamoja na kipokezi cha setilaiti, yaweza kufungwa katika dashibodi, ikaonyesha ramani na kuweka hesabu ya safari. Hata pasipo mtandao wa simu itakuonyesha mahali ulipo, mradi ramani imetiwa ndani yake kabla ya kuondoka. Hii ni faida kubwa katika njia ya Garissa kwenda Wajir, ambayo ni zaidi ya kilomita 300.

Lakini yafaa ujue ya kuwa jambo gumu katika kazi hii si kompyuta, bali ni umeme. Waya uliofungwa vibaya waweza kuteketeza gari, au kumaliza betri na kukuacha njiani na mzigo unaooza. Basi shika mambo manne yafuatayo.

1. Punguza umeme. Betri ya pikapu ni ya volti 12, na injini ikiwa inakwenda umeme hupanda mpaka volti 14 hivi. Malori mengi ni ya volti 24. Kompyuta kama Raspberry Pi 4, iliyotolewa Uingereza mwaka 2019, hutaka volti 5 na ampea 3. Ukiiunga na betri moja kwa moja itaungua. Nunua kipunguza volti, na kwanza soma maandishi yake uone kama kinafaa betri ya gari lako.

2. Tia fyuzi karibu na betri. Betri ya gari yaweza kutoa mamia ya ampea. Waya wa chanya ukichubuka na kugusa bodi, huwa mwekundu kwa moto, na gari huwaka. Fyuzi ya ampea 3 hukatika kabla ya hayo. Iweke shubiri moja tu kutoka kwenye betri, kwa sababu haiwezi kulinda waya ulio kati yake na betri. Mahali waya unapopita katika tundu la bati, uvishe mpira. Fyuzi ikikatika tafuta sababu. Usifunge kipande cha waya mahali pake.

3. Usiiache ikiwaka. Kompyuta ya wati 15 hula ampea 1.5 hivi kutoka betri ya volti 12. Kwa saa 24 hizo ni ampea-saa 36, yaani zaidi ya nusu ya betri ya ampea-saa 60, na huenda injini isiwake. Kwa hiyo mwambie fundi wa umeme wa magari atie rilei inayofuata ufunguo. Washa kompyuta baada ya injini kuwaka, kwa maana stata hushusha volti. Ukifika, zima kompyuta kwanza, kisha ufunguo. Umeme ukikatwa ghafula kadi ya kumbukumbu yaweza kuharibika.

4. Ikinge na jua na vumbi. Jua la Garissa ni kali, na juu ya dashibodi ya gari lililofungwa joto laweza kupita digrii 70. Kompyuta hii huanza kupunguza kazi ipatapo digrii 80 ndani yake. Ifunge chini ya dashibodi, penye hewa, mbali na mabomba ya moto na mifuko ya hewa ya usalama. Matundu ya hewa yafunike kwa kitambaa chepesi, na kukikung'uta kila juma.

Kazi ikiisha, liache gari usiku kucha, kisha ujaribu injini asubuhi kabla ya kupakia mzigo. Na ukiwa safarini, simamisha gari ndipo utazame ramani. Fyuzi ni ya shilingi chache, lakini pikapu ni mavuno ya miaka mingi.