Kiitaliano kwa Anayeanza: Herufi Moja Mwishoni mwa Neno



Tumesoma darasani habari za Zaid bin Thabit (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) alimwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi ili barua zao zisomwe na mtu anayeaminika, naye akayamudu kwa karibu nusu mwezi. Mimi si Zaid. Nimekaa na Kiitaliano mihula miwili na bado nasoma huku kidole kikifuata mstari. Lakini kile nilichokwisha kupata nimeona nisikifungie daftarini.

Jirani yangu wa hosteli alipoliona daftari hilo aliniuliza kama nimeanza kusomea ufada. Namwelewa. Hapa Arua Kiitaliano ni lugha ya wamisionari wa Comboni, mambo ya Ediofe na Ombaci. Muislamu wa Koboko anakitafutia nini?

Anamtafuta bibi yake. Kwetu Koboko ni nyumba ya Wanubi, na bibi husimulia kwamba mama wa bibi yake alikuwa binti wa Kilugbara aliyeingia kambini kwa askari. Aliingiaje, kwa ndoa au kwa nguvu? Hapo bibi hunyamaza, kwa sababu naye hakuambiwa. Askari wenyewe tunawajua. Walikuwa jeshi la Misri katika jimbo la Ekwatoria, chini ya Emin Pasha, wakiwa na vituo kama Wadelai na Dufile kando ya Nile, upande huu wetu wa magharibi. Emin aliondoka na Stanley mwaka 1889. Waliobaki na Selim Bey walichukuliwa na Lugard mwaka 1891, na Wanubi wengi wa Uganda wanahesabu ukoo wao kutoka kwa watu hao.

Sasa, Waitaliano wawili walikuwa humo humo na wakaandika. Romolo Gessi, aliyelizunguka Ziwa Albert kwa mashua mwaka 1876, aliacha kitabu kinachoitwa Sette anni nel Sudan egiziano. Gaetano Casati, aliyekaa na Emin na aliyetumwa naye kwa Kabalega huko Bunyoro, aliandika Dieci anni in Equatoria e ritorno con Emin Pascià. Vyote viwili vilitoka mwaka 1891. Utasema vimetafsiriwa kwa Kiingereza, na ni kweli. Nitaeleza mbele kidogo kwa nini tafsiri haikunitosha. Kwanza tusome majina ya vitabu hivyo, maana somo letu lote limo ndani yake.

Irabu za Kiitaliano ni tano na zinasomeka karibu kama zetu. Shida iko kwenye konsonanti. Herufi c ikifuatwa na e au i husomwa "ch", kwa hiyo dieci (kumi) ni "dyechi". Ukiona ch, usome "k", kinyume kabisa na Kiswahili: chi, maana yake "nani", husomwa "ki". Herufi g mbele ya e au i ni "j", ndiyo maana Gessi husomwa "Jessi". Sc mbele ya e au i ni "sh", na hapo Pascià inageuka kuwa pasha tunayemjua. Gn ni "ny". Herufi h haisomwi.

Konsonanti ikiandikwa mara mbili, isome kwa shadda, kama ulivyofundishwa kwenye tajwidi. Anno ni mwaka. Ukiiacha shadda unapata neno jingine lenye maana ya aibu, ambalo sitaliandika katika gazeti la jumuiya. Nililisema mara tatu mbele ya mtu aliyejua lugha hiyo kabla hajanihurumia.

Nomino zina jinsia mbili, kama Kiarabu. Nyingi zinazoishia kwa o ni za kiume, na wingi wake huishia kwa i: anno, anni (ndiyo "miaka" ya vitabu vyetu), soldato, soldati (askari). Nyingi zinazoishia kwa a ni za kike, na wingi wake ni e: donna, donne (mwanamke, wanawake). Zinazoishia kwa e huweza kuwa za upande wowote na wingi wake ni i: fiume, fiumi (mto, mito). Aliyezoea taa marbuta hatashangaa kwamba a ni alama ya kike. Hatashangaa pia kwamba kuna zinazokiuka. Mano, yaani mkono, inaishia kwa o na bado ni ya kike, kama vile yad ilivyo ya kike bila alama yoyote.

Kinachofanya kazi ya "al" kina sura kadhaa. Kiume ni il, wingi i: il soldato, i soldati. Kike ni la, wingi le: la donna, le donne. Neno la kiume likianza kwa z, au kwa s inayofuatwa na konsonanti, ulimi unakwama, basi il inakuwa lo na wingi wake gli: lo schiavo, gli schiavi (mtumwa, watumwa). Mbele ya irabu lo na la hukatwa kuwa l', na wingi wa kiume hubaki gli. Ni jambo la kurahisisha matamshi, kama lamu inavyomezwa katika ash-shams. Na kama tunavyounganisha fii na al tukasoma fis-Suudaan, wao wanaunganisha in na il wakapata nel: nel Sudan.

Sifa hufuata nomino mara nyingi, kama kwetu, nayo inakubaliana nayo. Sudan egiziano ni "Sudan ya Misri". Akiwa mwanamke ni donna egiziana. Mswahili anayesema kitabu kizuri, vitabu vizuri, hana haja ya kuambiwa zaidi.

Vitenzi vitawasumbua wasemaji wa Kinubi zaidi kuliko wengine. Sisi nyumbani husema ana gi-rua, ita gi-rua, kitenzi hakibadiliki, na bila ana hujui nani anakwenda. Kiitaliano kiko upande wa Kiswahili na fus'ha: mtenda yumo ndani ya kitenzi, ila amekaa mwishoni. Parlare ni kusema. Parlo, nasema, parli, unasema, parla, anasema, parliamo, tunasema, parlate, mnasema, parlano, wanasema. Vitenzi viwili vikaririwe kabla ya vingine vyote. "Kuwa" ni sono, sei, è, siamo, siete, sono. "Kuwa na" ni ho, hai, ha, abbiamo, avete, hanno. Sono imejirudia, ni "mimi ni" na ni "wao ni". Sentensi itakuonyesha ni ipi.

Kwa vitabu vya zamani ongeza fu (alikuwa) na furono (walikuwa), kwa sababu hapo ndipo jambo langu lilipo. Chukua sentensi ya mfano: "walichukuliwa". Kiswahili hakisemi ni wanaume au wanawake. Kiingereza nacho hakisemi. Kiitaliano kinalazimika kusema. Furono presi ni wanaume, au wanaume na wanawake pamoja. Furono prese ni wanawake watupu. Ni tofauti ile ile ya ukhidhuu na ukhidhna. Mfasiri anaweza kuwa mwaminifu kabisa, akaiweka sentensi hiyo kwa Kiingereza bila kosa lolote, na ile e ikapotea. Nami ninayeuliza habari za binti aliyeingia kambini, e hiyo ndiyo ninayoitafuta.

Lakini tahadhari, maana nilikwishajidanganya mwenyewe. Kiambishi kinafuata jinsia ya neno, si ya mtu. Persona ni neno la kike hata akiwa jemadari mwenye ndevu, kama nafs katika Kiarabu, kwa hiyo le persone furono prese hukujulishi lolote kuhusu wanawake. Nilikwisha andika ukurasa mzima wa furaha kabla sijarudi nyuma mistari miwili na kukuta persone. Nikauchana. Kwa hiyo kila ukiona e mwishoni, rudi kwanza utafute nomino. Vivyo hivyo i haikanushi kuwapo kwa wanawake: mwanamume mmoja kati ya wanawake mia anatosha kuileta, sawa na Kiarabu.

Kuhusu msamiati msiogope. Waislamu walitawala Sicily tangu karne ya 9, na al-Idrisi alimaliza kitabu chake cha jiografia huko Palermo mwaka 1154, kwa mfalme Mkristo. Maneno yalihama: zucchero ni sukari, zero ni sifuri, cotone ni qutn, limone ni limau, na dogana, yaani forodha, inatokana na diwani. Hata ciao, ile salamu ya kwenye filamu, ilianza Venice kama "mimi mtumwa wako", kutoka neno lile lile schiavo.

Haya, zoezi. Geuza ziwe wingi: Il soldato è a Dufile. La donna parla arabo. Lo schiavo ha un nome (un ni "moja"; kwenye wingi iache, na nome ifuate kanuni ya fiume). Kisha niambie sentensi hii inahusu akina nani, na umejuaje: Furono portate a Wadelai (portare ni kupeleka). Majibu tutasahihisha Ijumaa baada ya sala, barazani nje ya msikiti wa kampasi. Akina dada wanaweza kutuma daftari kwa katibu wao, au waje na swali moja ambalo sijaliweza, maana yapo mengi.