Tazama Chini Kabla ya Kutosa Nanga

Mvuvi akirudi na changu wawili husema bahari imekauka. Mara nyingi samaki wamebomolewa nyumba. Kwa hiyo kwanza ujue unavua juu ya nini.

Maji yakiwa maangavu, vaa miwani uzame ukaone. Penye kina, shusha bildi ya kupimia kina, uliyoipaka shahamu kitakoni: itarudi na mchanga, tope au chembe za majani. Ikirudi safi, uko juu ya mwamba.

Penye majani ya bahari ndipo tasi wanapokula na kukulia, na changu wadogo hujificha humo. Kokoro likiburutwa hapo hung'oa majani na kuzoa vifaranga, samaki wa mwakani. Vueni hapo kwa mshipi, au tumieni dema. Dema likae mchangani, ukingoni mwa mwamba, samaki wanapopita kwenda kula. Na tafadhali, msivunje matumbawe kulikandamiza. Bebeni mawe kutoka pwani.

Pweza ndiye anayetufunza vizuri zaidi. Tundu zuri halikai tupu: ukimtoa mmoja leo, baadaye atahamia mwingine. Ukilivunja kwa chuma ili umpate upesi, umechukua pweza mmoja na kuwafukuza wote ambao wangefuata. Mtoe taratibu, mdomo wa tundu ubaki mzima. Ukikuta jike amejizibia ndani kwa vijiwe, mwache. Analinda mayai, naye huyataga msimu mmoja tu wa maisha yake, yakishaanguliwa hufa.

Kijiji kinaweza pia kufunga mwamba, pweza wasivuliwe kwa muda. Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walianza mwaka 2004, na baadaye mtindo huo ukafika Pemba na Tanga. Miezi 3 hutosha kuona tofauti, maana pweza hukua haraka mno. Chagueni mwamba wenye matundu mengi, uwekeeni maboya, na kikaoni waiteni akina mama wanaotembea mwambani maji yakitoka. Wao huyajua matundu kuliko wenye vyombo, na wasiposhirikishwa kufunga hakudumu. Siku ya kufungua ndiyo ya hatari. Watu wakimiminika bamvua moja, wakikanyaga na kuchokoa kila jiwe, faida yote huisha asubuhi hiyo. Pangeni zamu.

Samaki wa mwambani huhitaji muda mrefu zaidi. Kuruwitu, Kilifi, wavuvi walitenga hekta 30 hivi mwaka 2005, na hapavuliwi kabisa.

Kuhusu vinavyovunja mwamba, baruti sina haja ya kuieleza. Nanga ndiyo tunayoisahau, kwa kuwa kila chombo kinayo. Itose mchangani, hata kama itabidi uongeze kamba. Matumbawe ya mviringo, yale magumu kama jabali, huongezeka kama sentimita 1 tu kwa mwaka. Lenye kimo cha mita 1 lilianza kukua kabla babu yako hajazaliwa.