Chombo cha Kusikilizia Vitabu Hununuliwa kwa Vidole

Ukipita maduka ya simu ya Darajani, hapa mjini Unguja, utaziona redio ndogo zinazosoma memori kadi na flashi. Mzee asiyeona wa pale Malindi huletewa moja na mwanawe, imeshajazwa Kurani nzima. Bei yake ndogo, sauti yake kubwa, na kila mtu nyumbani anafurahi.

Kasoro huja kujulikana baadaye. Surat Baqara peke yake huchukua kama saa mbili. Mzee amefika katikati, msikiti wa Malindi umeadhini, anazima redio aende kusali. Akirudi na kuwasha, redio imeanza tena Alfatiha. Inabidi abonyeze kitufe cha kwenda mbele, akisie, apitilize, arudi nyuma, mpaka achoke au amwite mjukuu. Mtu aliyenunuliwa chombo ili ajisomee mwenyewe amebaki kusubiri mwenye macho.

Kwa hiyo jaribio la kwanza dukani ni hilo. Weka faili refu, lisikilize kidogo, zima chombo kabisa, kisha kiwashe. Kikianza pale ulipoachia, endelea kukichunguza. Kikianza mwanzo, kirudishe mezani hata kama kinapendeza. Jaribu pia kuruka kwa namba: mafaili ya Kurani kwa kawaida hupewa namba kutoka 001 mpaka 114, na chombo kizuri hukufikisha Surat Yasin kwa kubonyeza 36 tu.

Vyombo vilivyotengenezwa khasa kwa wasioona vinafanya zaidi ya hapo, kwa sababu vinasoma vitabu vya mfumo wa DAISY. Mfumo huu unasimamiwa na muungano wa kimataifa wenye jina hilohilo, ulioanzishwa mwaka 1996. Kitabu cha DAISY ni sauti iliyofungwa pamoja na ramani ya kitabu: sura, sehemu, kurasa. Chukua riwaya ya Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka 1979 na inayohusu makuli wa bandari ya hapa Unguja. Ikirekodiwa kama faili moja refu, utaisikiliza kama kipindi cha redio. Ikipangwa kwa DAISY, mwanafunzi wa skuli anayeambiwa na mwalimu afungue ukurasa wa 60 ataufungua pamoja na wenzake darasani. Kwa mwanafunzi, mimi naona hili ndilo la kulipia.

Kinachojulikana zaidi katika vyombo hivi ni Victor Reader Stream cha kampuni ya HumanWare ya Kanada, kilichotoka mara ya kwanza 2007. Kinaenea kiganjani, kina vitufe vya namba kama simu za zamani, kinakumbuka kila kitabu kilipoishia, kinaweka alama mahali utakapo, na kinarekodi sauti. Lakini bei yake ni mamia ya dola za Marekani. Kabla ya kuagiza chombo cha namna hii, nenda forodhani ukaulize. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali la Tano, inasamehe ushuru vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu. Uliza mapema, kwa maandishi, na uliza pia kuhusu kodi nyingine. Mzigo ukishafika bandarini, mazungumzo huwa marefu.

Simu je? Simu ya Android ina kisomaji cha TalkBack ndani yake, na programu ya EasyReader, inayopatikana bure, inafungua vitabu vya DAISY. Faida yake kubwa ni lugha. Vyombo vingi vya kigeni havina sauti ya Kiswahili. Ukivipa maandishi yetu, huyasoma kwa matamshi ya Kiingereza mpaka usijue ng'ombe ni nini. Simu inaweza kuwekewa sauti ya Kiswahili. Hasara yake ni kioo kitupu kisicho na cha kupapasa. Kijana ataizoea. Mzee ambaye vidole vyake vimekwishakuwa vigumu, mimi simshauri. Mtafutie vitufe vilivyoinuka, vyenye nafasi kati yao, na namba 5 iwe na kinundu.

Betri usiipuuze. Kisiwa hiki kilikaa gizani takriban miezi mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010, na siku za kawaida umeme wa tukuza, unaolipiwa kabla, huisha usiku wa manane. Tafuta chombo kinachomaliza saa kumi au zaidi bila kuchajiwa, na ambacho betri yake inabadilika. Chombo chenyewe kihifadhi katika kifuko kikavu, maana chumvi ya bahari hula matundu ya chaji na vipokea sauti. Kadi ya GB 32 inatosha: kwa sauti ya mazungumzo iliyorekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, inabeba zaidi ya saa 1,000. Kadi kubwa kuliko hiyo huenda chombo cha zamani kisiitambue.

Vitabu vya kutia humo navyo vinatafutwa. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao 2020, umekusudiwa kuzipa taasisi zinazowahudumia wasioona nafasi ya kutengeneza nakala za sauti na kubadilishana na nchi nyingine bila kumwomba mwenye haki ruhusa kila mara. Anzia Jumuiya ya Wasioona Zanzibar, ZANAB. Waulize wana vitabu gani, na kama yupo mwenye chombo unachokitaka akuruhusu kukishika. Na wakati unasubiri, nyumbani kwenu yupo mwenye sauti safi. Baada ya Alasiri amsomee ndugu yake asiyeona sura moja na kuirekodi. Kila sura iwe faili lake, jina lianze na 01, 02, 03, ili chombo kisizichanganye.

Ukienda dukani, nenda naye mwenyewe atakayekitumia. Mpe chombo mkononi, mweleze kila kitufe mara moja, kisha nyamaza. Akiweza kufungua kitabu, kukisimamisha na kukirudia bila ya wewe kugusa, lipa.